Funga kwa Katani

Nilikwenda kupeleka pazia, basi. Sikwenda kutafuta maua.

Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unasema niliyataka mwenyewe. Waache waseme, mdomo haulipiwi kodi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka arobaini na mmoja, nimesoma mpaka darasa la saba, na mpaka leo naingiza uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Nilichokiona nilikiona.

Jioni ile jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya tangi la maji. Ile saa ambayo watu wanaitana ndani lakini taa bado hazijawashwa. Pazia lilikuwa la jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa umri wangu, mjane, ambaye wote tulimwita Bibi Pazia. Jina hilo nililianzisha mimi, sikatai. Miaka kumi na mmoja hakuvuka kizingiti cha mlango wake. Ukipita, unaona pazia limesogea kidogo, unaona jicho moja, basi. Wengine walisema anaumwa. Mimi nilisema ni uvivu uliopata nyumba.

Nikabisha hodi.

"Ingia, Fundi," alinong'ona. "Mlango umeegeshwa tu."

Ndani kulikuwa na giza la kijani. Dirisha lote lilikuwa limefunikwa na mmea wa kutambaa, umepanda kwenye nondo, umegeuka kwenye dari, umeteremka upande wa pili. Na maua yake yalikuwa yanafunguka palepale mbele ya macho yangu, vishada kwa vishada. Meupe yale mapya. Ya jana yalikuwa ya waridi. Ya juzi mekundu, rangi ya kidonda. Harufu yake tamu... tamu mno, kama papai lililosahauliwa kabatini.

Nikamtazama mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kijivu lenye vidoa vya njano, nililomshonea kwa mikono hii, likiwa refu mpaka kwenye visigino. Sasa liliishia magotini. Pindo lilikuwa limekatwa vipandevipande, hovyo, kama limetafunwa na mbuzi. Niliona aibu kwa niaba ya kitambaa.

"Nani kakuharibia gauni hivyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi una uadui na mafundi."

Hakucheka. Aliinama nyuma ya kiti, akatoa kitawi kimoja cha ule mmea, urefu wa mkono, kimefungwa kwenye gazeti lililolowa.

"Chukua. Unaweka kwenye ndoo iliyotobolewa, udongo na samadi. Maji asubuhi, si jioni. Utashika."

"Mimi na maua wapi na wapi?"

"Chukua, Fundi." Alinisukumia mkononi. "Ila usinishukuru. Sema tu, nimepokea."

Kitu cha bure sijawahi kukikataa, na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa. Nikasema, "Nimepokea."

Alishusha pumzi.

Pumzi ndefu... kama mtu aliyetua mtungi alioubeba tangu ujana.

Nilipofika mlangoni akaniita tena. Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Ukifika wakati wa kuufunga, ufunge kwa kamba ya katani. Si kitambaa, Fundi. Umenisikia? Katani."

"Kwa nini?"

Akatazama pembeni. "Kitambaa kinaoza."

Kesho yake mlango wake ulikuwa wazi, na yeye hayupo. Muuza mayai alimwona barabarani alfajiri, pekupeku, anatembea na kucheka, hakuitika salamu. Mtaa ukashangilia: Bibi Pazia kapona! Mimi nikashangilia pia, kisha nikarudi kwenye kazi zangu.

Ndani kwangu tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu. Mama yake, mwanangu, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, nikamlea mimi. Nilikuwa namwita Kijiti, kwa wembamba wake. Mwaka huo alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, mji wa mbali, safari ya basi kutwa nzima. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili: ukichelewa siku ya kuripoti, anaitwa aliye nyuma yako. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inazungukia tarehe moja.

Kitawi kilishika kabla ya wiki kwisha. Sijaona mmea wenye haraka namna ile. Jumatatu kimefika kwenye nondo ya kwanza, Alhamisi kiko juu ya dirisha. Na kina miiba midogo chini ya kila jani, ukipitisha mkono unatoka na michirizi.

"Bibi, huu utatulaza nje," Kijiti alisema.

"Ukitulaza nje, godoro utabeba wewe."

Ulihitaji kufungwa. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mshona nguo peke yake anaweza kulifanya. Katani ipo dukani, mwendo wa dakika tano. Lakini mimi nina gunia la mabaki! Miaka arobaini na mmoja situpi kipande. Nitoke niende kununua kamba, wakati vitambaa vinanilalia chini ya meza? Kuoza? Kikioza nitafunga kingine.

Nikafunga. Fundo la kwanza, kipande cha sketi ya Mwalimu wa hesabu wa ng'ambo ya barabara. Sketi yenyewe ilikuwa imekunjwa kwenye kiti, inamsubiri. Fundo la pili, kipande cha shati la muuza mayai. La tatu, kwenye chipukizi la katikati, lile lenye nguvu kuliko yote, nililifunga kwa kitambaa cha buluu. Kilibaki nilipomaliza kumshonea Kijiti sare ya chuo, na alikuwa ameijaribu asubuhi hiyohiyo, akajizungusha mbele ya kioo mpaka nikamwambia ataichakaza kabla ya safari.

Nililegeza kila fundo, nikaacha nafasi ya kidole, shina lisibanwe. Nakumbuka vizuri. Nafasi ya kidole kizima.

Siku nne zikapita.

Mwalimu hakuja kuchukua sketi. Nikatuma ujumbe, akajibu: *Miguu mizito, Fundi. Sitoki.* Muuza mayai naye hakupita. Mimi nikasema ni mafua. Ukiwa na kazi mkononi kila kitu ni mafua.

Siku ya tano ilikuwa siku ya mwisho kabla ya safari. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni. Mchana Kijiti alisema anajilaza kidogo. Alasiri nikamwita, anyooshe sare kwa pasi.

"Nakuja, Bibi."

Hakuja.

Nikamwita tena. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameshikilia godoro, jasho linamtoka.

"Nimekwambia nakuja," alisema, na machozi yakamtoka. "Haiji. Miguu haiji."

Nikaipapasa. Ilikuwa ya baridi. Juu ya kila kifundo cha mguu kulikuwa na alama imezunguka, nyembamba, imebonyea, kama ya soksi yenye mpira mkali.

Hakuwa amevaa soksi.

Na hapo, nyuma yangu, chumba cha kushonea, nikaisikia. Krrr... Sauti ninayoijua kuliko jina langu. Kitambaa kinachovutwa mpaka karibu na kuchanika.

Nikatoka polepole. Jua lilikuwa linazama. Maua yalikuwa yanafunguka, meupe, moja... moja... moja. Harufu ya papai imejaa mpaka kwenye cherehani. Nikatazama mafundo.

Nafasi ya kidole haikuwepo tena. Sindano isingepita. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimezama ndani ya shina, na shina limekikumbatia kama nyama inavyoikumbatia pete ya mtu aliyenenepa.

Sikupiga kelele. Kupiga kelele ni kazi ya watu wenye muda. Nilichukua mkasi wangu mkubwa, nikapitisha ncha chini ya fundo la buluu, nikalikata uzi mmoja tu...

"Bibi! Shingo!"

Chipukizi lilikuwa limeruka. Naapa liliruka. Lilipiga nondo, likajizungusha hewani likitafuta pa kushika, na chumbani mtoto alikuwa anakoroma kama anayenyongwa. Nikakamata kile kitambaa, nikakaza fundo tena kwa meno na mikono. Kimya. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, analia.

"Bibi, unafanya nini huko?"

"Nashona," nikasema. "Lala."

Nikasimama pale na mkasi mkononi. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kulifungua fundo siwezi, kuliacha siwezi. Na ndipo likanijia lile gauni la kijivu lililotafunwa na mbuzi.

Nikatoka, nikaingia kwa Bibi Pazia. Mlango bado ulikuwa wazi. Mmea wake ulikuwa umekauka wote, bila shaka tangu siku aliyoondoka, majani yakivunjika chini ya viatu vyangu kama maganda ya mayai. Nikawasha tochi ya simu. Mafundo yalikuwa mengi, kuanzia ndoo mpaka dari. Nikayapitia moja moja, kama ninavyopitia mshono wa mwanafunzi mzembe.

Yote yalikuwa ya kitambaa kimoja.

Kijivu. Vidoa vya njano.

Na chini, pembeni mwa ndoo, vilitupwa vipande vya zamani vilivyofunguliwa, vimekunjamana. Kimoja kilikuwa cha shati la mistari la marehemu mumewe. Huyo mume alilala kitandani miaka miwili, miguu haimfai, halafu siku moja akaamka, akatembea, akaishi vizuri mpaka uzee ulipomchukua. Mtaa ulisema muujiza. Na ni tangu siku ile mkewe hakutoka tena nje. Nilikuwepo. Niliona yote mawili. Sikuyashona pamoja.

Nikarudi kwangu. Niliketi dakika moja, sitaki kujidai kwamba sikuketi. Nilikuwa na miguu mizuri bado. Nilikuwa na soko langu la Jumamosi, na shoga zangu wa kusengenya nao kisimani.

Kisha nikashika pindo la gauni langu la kahawia, nikalichana.

Nilifunga kipande changu kwanza, juu ya cha buluu. Chipukizi likatulia kabisa. Likasubiri. Kitambaa cha buluu kikaachia chenyewe, kikateleza, kikaanguka sakafuni kikiwa kimelowa.

Chumbani kitanda kikalia. Nyayo. Kijiti akatokea mlangoni akijinyoosha.

"Sijui nini kilinipata," alisema. "Bibi, kuna chai?"

"Kwani mimi ndiye niliyelala kutwa? Kapike chai."

Nikabadili na fundo la Mwalimu, na la muuza mayai. Msinifanye mtu mwema. Ile sketi ilikuwa inanikalia kiti.

Alfajiri nilimsindikiza mtoto. Yaani nilifika kizingitini. Nikainua mguu wa kulia uvuke... ukarudi. Nikauinua tena. Ukarudi, kama mguu wa mtu mwingine anayenikatalia. Kijiti alikuwa ameshafika nje na sanduku lake.

"Hunifikishi kituoni?"

"Goti. Nenda, basi halisubiri wembamba wako."

Alirudi mbio, akanikumbatia, akasema amesahau kitu ndani. Akaingia chumba cha kushonea, akatoka, akaenda. Nilimtazama mpaka kona. Sare ilikuwa imemkaa vizuri mgongoni. Mshono ulionyooka.

Hiyo ni miezi saba sasa.

Nimejaribu yote, msiniandikie ushauri. Niliagiza katani ikaletwa. Ilikatika ikiwa mikononi mwangu, maana mmea umeshaonja kitambaa. Nilimwaga maji ya moto kwenye ndoo. Miguu yangu ikavimba malengelenge mpaka magotini, nikalala wiki mbili. Nikiacha kufunga chipukizi jipya, linaanza kutafuta lenyewe, linaelekea kwenye nguo za wateja zilizotundikwa. Kwa hiyo kila baada ya siku chache nachana pindo. Gauni la kahawia limefika magotini. La kijani nimelianza juzi.

Wateja wanaingia, wananikuta dirishani. Wanasema, jamani, Fundi, maua gani haya, hebu nikatie kitawi! Na mimi nakijua kilicho ndani ya ombi hilo. Nikimkatia mmoja, akasema nimepokea, kesho nitakuwa sokoni. Nawafukuza. Ningeweza kuwaambia wafunge kwa katani, lakini nawajua watu. Mwambie mtu katani, atafunga kwa soksi ya mumewe. Mimi mwenyewe niliambiwa.

Wanasema nimekuwa mchoyo. Na nimesikia jina langu jipya: Bibi Dirisha. Nimelistahili.

Kilichonishikilia ni kimoja tu: Kijiti yuko huko, anasoma, anatembea.

Jana jioni akanipigia simu. Maua yalikuwa yanafunguka.

"Bibi, shikamoo. Usinigombeze."

"Marahaba. Nitajuaje nisikugombeze, kabla hujasema?"

"Ile asubuhi ya safari... nilikata kitawi cha ua lako. Nikakitia kwenye begi. Nilitaka kitu cha nyumbani. Kilikaa kwenye chupa ya maji miezi yote, wiki mbili zilizopita ndipo nilipopata ndoo."

Nikashika nondo.

"Kimeshika, Bibi! Kiko dirishani kwangu. Kimefika juu."

"Umekifunga?"

"Ndiyo."

"Kwa kitu gani, Kijiti?"

"Vile vipande vya sare ulivyonipa vya kutilia viraka." Akashusha sauti. "Bibi... si kitu, lakini miguu inanisumbua tena. Tangu juzi sijashuka wodini. Keshokutwa tuna mtihani wa vitendo, nisipofika narudishwa nyumbani. Ila hata kurudi nitarudije?"

Nyuma ya sauti yake, ndani ya simu, nikaisikia. Krrr...

Kama ningekuwa pale, ningechana gauni langu kwa ajili yake mara ya pili. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Na mimi kizingiti changu ni hatua sita kutoka nilipokaa, na sikivuki.

"Uko peke yako?"

"Na mwenzangu wa chumbani. Anakusalimu. Analipenda ua hili, Bibi, kila siku ananiomba nimkatie kitawi, na mimi namwambia ni la bibi yangu."

Nilisikia msichana akicheka kwa mbali. Kicheko kizuri. Naye ana bibi yake mahali.

Ua moja likafunguka karibu na sikio langu.

"Mpe," nikasema.

"Kweli?"

"Mpe sasa hivi. Asikushukuru. Aseme tu, nimepokea." Nikaegemea nondo. "Na umwambie, akikifunga, afunge kwa kamba ya katani. Umenisikia? Si kitambaa. Katani."

"Kwa nini, Bibi?"

Nikatazama pembeni, kana kwamba ananiona.

"Kitambaa kinaoza."

Nikamsikia akigeuka, akimweleza mwenzake. Wakacheka wote wawili. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake tayari ilikuwa nyepesi, alikuwa amesimama, nilizisikia nyayo zake sakafuni.

"Ameshapokea, Bibi. Ila anasema huku katani ataitoa wapi? Atafungia bandeji. Zimejaa tele wodini, zinatoka kwa wagonjwa, tunazifua wenyewe."